Lami ya Tanga, nani anailipia?

Mradi unapozinduliwa hapa Tanga, utepe hukatwa, jiwe la msingi hufunuliwa, na mshereheshaji hutaja kiasi cha fedha kwa sauti ya kupanda. Bilioni kadhaa. Watu hupiga makofi na vigelegele, ngoma inarudi, na shughuli imekwisha. Nilihudhuria shughuli nyingi za namna hiyo nilipokuwa mkusanya mapato wa halmashauri, na nilichokuwa nikisubiri bila kukipata ni mwananchi mmoja anyooshe mkono aulize: fedha hizi zimetoka wapi, na mtaro huu ukiziba nani atauzibua?

Nimeacha kazi ile sasa, naishi kwa kupangisha vyumba katika nyumba ya familia huku Ngamiani. Lakini hesabu za mji hazijanitoka kichwani, na naona ni haki watu wanaozilipa wazielewe.

Ngamiani ni mtaa uliopimwa kwa mistari, barabara ya kwanza mpaka ya 21, nyumba zimetazamana kama wacheza bao. Nyingi zilikuwa nyumba zetu za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika jiji zima. Ile ya 2022 ikatukuta tumekaribia laki nne. Mji wa ukubwa huu una tabu yake. Umeshakuwa mkubwa mno kuendeshwa kwa ushuru wa soko na leseni za maduka, na bado ni mdogo mno kwa mwenye mtaji wa Dar es Salaam au wa nje kuukimbilia mwenyewe.

Tulikuwa na fedha zamani, enzi za mkonge na viwanda. Mkonge ulipoanguka bei na viwanda vikafungwa kimoja kimoja, walipa kodi wakubwa wakaondoka. Mwaka 1972 nayo serikali ilizifuta serikali za mitaa nchi nzima, madaraka yakahamishiwa mikoani. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978, lakini mitaro haikusubiri. Miaka ile sita ilitosha kuigeuza mingi kuwa majalala, na wazee wa barabara yetu wanaikumbuka kwa mbu. Mji ukikosa mwenye mamlaka ya kukusanya fedha na kuzitumia papo hapo, huanza kuoza kwenye mitaro.

Mabadiliko makubwa ya kizazi chetu yalianza 2010. Mwaka huo Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 163 kwa mradi ambao kila mtu aliuita kwa herufi zake nne, TSCP. Ulihusu miji saba: Tanga, Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Kigoma na Mtwara. Zikaja lami, mitaro ya zege, taa za barabarani na dampo la kisasa la taka. Barabara za vumbi tulizokuwa tukizimwagia maji jioni ili wageni waweze kukaa barazani zikawa nyeusi, zenye kingo.

Sasa hapa nataka tuende taratibu, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Halmashauri ya Tanga haikukopa. Aliyekopa ni serikali kuu, ikazipeleka fedha kwa halmashauri kama ruzuku. Deni ni la nchi. Mikopo ya namna ile, ya mfuko wa Benki ya Dunia unaoitwa IDA, ilikuwa na masharti nafuu sana: muda wa miaka 40, miaka 10 ya mwanzo bila kulipa deni lenyewe, na ada ndogo isiyofika asilimia moja kwa mwaka. Hakuna benki hapa nchini inayoweza kukupa hivyo.

Unafuu huo una pande mbili ambazo jukwaani hazitajwi. Mkopo wa 2010 wa miaka 40 unaisha 2050, na lami ya barabara ya mtaa hata ikitunzwa vizuri haiwezi kufika huko bila kumwagwa upya. Mtoto aliyezaliwa barabara hii ikiwa mpya atakuwa mtu mzima na watoto wake, anachangia kulipia lami ambayo magurudumu yalishaimaliza. Na deni lenyewe ni la fedha za kigeni. Mkopo ulipoidhinishwa dola moja ilikuwa shilingi 1,400 na ushei. Kufikia 2024 ilikuwa imefika 2,600. Ada ikibaki ileile, shilingi zinazotoka hazina kuilipa zinaongezeka. Hata hivyo, ningeulizwa leo ningesema tukope, kwa sababu bila mkopo ule tungekuwa bado tunaruka madimbwi ya masika. Ninachodai ni kwamba aliyekopa kwa miaka 40 awe na mpango wa miaka 40.

Barabara ilipofika kwetu, nyumba zilipanda thamani kabla mafundi hawajamaliza kuweka kingo. Ilianza na watu wa kuuliza. Wanasimama na gari, wanasalimia kwa adabu, "Shikamoo mama, hapa pana mtu anauza?" Kisha zikaanza kuanguka nyumba za zamani, moja hapa, moja pale, na mahali pake zikapanda ghorofa za maduka chini na vyumba juu. Waliojenga ndani ya hifadhi ya barabara walipigwa X nyekundu ukutani na kuishi na wasiwasi. Waliokuwa na haki zao walithaminiwa na kulipwa fidia, kama masharti ya mkopo yalivyotaka. Wapangaji, ambao X haiwahusu, walihama kimyakimya kwenda Duga, Masiwani, Pongwe, kodi zilipowashinda. Kwetu chumba kilichokuwa elfu 20 kwa mwezi kabla ya lami leo ni elfu 45, na sijakiongezea hata dirisha. Kilichoongezeka ni barabara, na barabara sikuijenga mimi.

Sipendi kulipita jambo hilo haraka. Fedha za umma zikimwagwa mbele ya nyumba yangu, mimi mwenye nyumba napata faida ambayo sikuitolea jasho. Miji mingi inayojiweza duniani huchukua sehemu ya faida hiyo irudi kwenye mfuko wa mji, ili lami ya mtaa huu isaidie kujenga ya mtaa ujao. Njia kuu ya kufanya hivyo ni kodi ya majengo inayofuata thamani: nyumba ikipanda bei, kodi nayo inapanda kidogo.

Tulikuwa tumeanza. Kwa sheria ya 1983 halmashauri za miji zilikuwa na daftari la uthamini. Jengo lililothaminiwa lililipa asilimia ndogo ya thamani yake, na ambalo halijathaminiwa lililipa kiwango kimoja cha jumla. Kazi ilikuwa nzito na daftari lilikuwa nyuma miaka mingi. Lakini mradi uleule wa lami ulileta pia kitu ambacho hakikuzinduliwa kwa ngoma, mfumo wa kompyuta wa mapato ulioitwa LGRCIS, pamoja na ramani za majengo. Nakumbuka tulivyokuwa tukipita nyumba kwa nyumba na ramani mkononi, tunalinganisha paa la kwenye picha na paa lililo mbele yetu. Kulikuwa na majengo makubwa kabisa, ya biashara, ambayo hayakuwa kwenye vitabu vyetu hata mara moja. Kwa mara ya kwanza mji ulikuwa unajiona wenyewe wote.

Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo katika miji ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato. Baadaye viwango vikawa vya jumla, na tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Nani kati yetu hajaiona? Mwanzoni mwa mwezi mpangaji wangu mmoja alinijia uani na simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Mama, LUKU imenikata tena. Nimeweka elfu kumi, uniti hata 24 hazijafika."

Nikavaa miwani, nikasoma ujumbe pamoja naye. Elfu kumi, na kabla ya kitu chochote imetoka 1,500 ya kodi ya jengo. Kilichobaki ndicho kilichonunua umeme, nacho kimekatwa asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya umeme vijijini, na 1 ya mdhibiti wa nishati. Mwezi ambao kodi hiyo haijamwangukia yeye, elfu kumi humpa uniti 28. Kisheria kodi hii ni ya mwenye nyumba. Aliyenunua umeme ameilipa kwa niaba yangu, na ni haki yake kunikata kwenye pango. Nikamrudishia palepale. Wenye nyumba wengi hawarudishi, na wapangaji wengi hawajui kuwa wanaweza kudai. Mama yangu mzazi, mwenye nyumba ya kuishi kule Makorora, amesamehewa kwa sababu amevuka miaka 60, jambo jema ambalo wazee wengi hawalijui pia.

Kukata kwenye umeme kumerahisisha kukusanya, na mimi niliyewahi kufukuzwa na mbwa nikidai kodi siwezi kuubeza urahisi huo. Tatizo ni kiwango. Tangu Julai 2023 jengo la kawaida lisilo la ghorofa hulipa shilingi 18,000 kwa mwaka, na la ghorofa mijini hulipa 90,000 kwa kila sakafu. Basi. Ghala la bati pana kama uwanja wa mpira, lililo kwenye lami iendayo bandarini, likiwa halina ghorofa, ni 18,000. Nyumba ya vyumba vitatu kule ambako bajaji inakataa kuingia wakati wa mvua, ni 18,000. Hoteli ya sakafu nne inayoitazama bahari hulipa 360,000 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho chumba kimoja chake cha wageni kinaweza kukirudisha katika wiki chache. Hakuna mahali popote katika hesabu hiyo ambapo lami inaonekana. Tukipata barabara au tukikosa, kodi ni ileile.

Bandari yenyewe imechimbwa na kujengwa upya kwa zaidi ya shilingi bilioni 400, kina kikaongezwa kutoka mita 3 hadi 13 ili meli zifunge gatini badala ya kupakulia katikati ya bahari. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaishia kwetu Chongoleani. Ardhi ya Tanga inapanda bei kwa sababu hizi kila mtu akiona, na mji hauna kombe la kukinga.

Wakati huohuo Tanga imefanya jambo jingine ambalo linanipa fahari. Februari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alizindua hapa hatifungani ya kijani ya Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji. Walitafuta shilingi bilioni 53.12. Walipofunga mauzo walikuwa wamepata bilioni 54.72, na Mei mwaka huohuo hatifungani ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Jirani yangu aliliona tangazo akanivamia jikoni. "Dada, nisaidie. Nikiweka milioni yangu kule, napata nini? Na maji yasipotoka kwangu je?"

Nilimweleza hivi. Unaponunua hatifungani unaikopesha mamlaka ya maji. Riba ni asilimia 13.5 kwa mwaka, inalipwa mara mbili, kwa miaka 10. Milioni yako itakupa shilingi 67,500 kila miezi sita. Huwi mwenye mali, wala huna kiti kwenye bodi. Wewe ni mdai, na ukizihitaji fedha zako kabla ya muda unaweza kuiuza hatifungani sokoni ukipata mnunuzi. Riba yako haitegemei bomba la kwako, inategemea mji mzima kulipa bili. Hayo ndiyo yanayoitofautisha na dhamana za serikali: nyuma yake kuna mapato ya maji, yanayojulikana, yanayoingia kila mwezi. Kama asingekuwapo mtu wa kulipa bili, asingekuwapo mtu wa kununua hatifungani.

Fedha zile ni za kupanua mitambo, kutoka uwezo wa meta za ujazo 45,000 kwa siku hadi 60,000, kulaza mabomba, kufunga dira mpya, na kulinda chanzo. Maji yetu yanatoka mto Zigi, unaoanzia milima ya Usambara Mashariki upande wa Amani, yanakusanywa bwawa la Mabayani. Huko juu wakulima wa kandokando ya mto wana umoja wao, UWAMAKIZI, wa kuhifadhi Kihuhwi na Zigi, na mamlaka ya maji imeshirikiana nao, kwa kuwa shamba likilimwa hadi ukingoni tope lote linashuka Mabayani, na kulisafisha tope ni gharama kuliko kulizuia. Hiyo ndiyo sababu hatifungani inaitwa ya kijani. Mkulima wa mlimani ameingia kwenye hesabu ya mji, mahali alipostahili kuwa tangu zamani.

Riba ya asilimia 13.5 si nyepesi. Kwa bilioni 53.12 ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kila mwaka, na italipwa na sisi tunaofungua mabomba. Ukiiweka kando ya mkopo wa Benki ya Dunia inaonekana ghali mno. Lakini ni deni la shilingi, haliyumbishwi na dola, linaisha 2034, na sehemu ya riba yake inabaki mikononi mwa Watanzania waliokopesha. Jambo zuri zaidi kwangu ni kwamba mdai huyu yuko karibu na ana sababu ya kuuliza. Mamlaka ikizembea kuziba mabomba yanayovuja, kuna watu wanaosoma hesabu zake kwa jicho la mtu aliyeweka fedha yake.

Mtaro hauna bili. Ndiyo maana huwezi kuuuzia hatifungani mtaro, wala taa ya barabarani, wala bustani ya Uhuru, wala lami ya Barabara ya 12. Vitu hivi havina dira ya kusoma, vinatumiwa na kila mtu, na mlipaji wake pekee wa haki ni kodi. Kodi yenyewe tumeshaona ilivyo. Zaidi ya hapo, tangu 2017 barabara za mijini si za halmashauri tena, ni za wakala, TARURA, inayopata sehemu ya fedha zake kwenye mafuta. Julai 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili hiyo. Maji ni ya mamlaka ya maji. Taka ni za halmashauri. Mtaro wetu ukiziba kwa taka, kwenye barabara ya wakala, juu ya bomba la mamlaka, mwananchi hajui ampigie nani, na mwenyekiti wa mtaa anabaki kuandika barua.

Nilisimama juu ya mtaro wa kona yetu kabla ya masika iliyopita. Mfuniko mmoja wa zege umevunjika na nondo zimechomoza. Wachuuzi wa mihogo wameuwekea ubao ili wateja wasitumbukie. Chini yake mchanga umejaa hadi robo tatu, juu ya mchanga chupa za plastiki zimejipanga, viroba, ganda la dafu, kiatu cha mtoto. Zege lenyewe ni zima kabisa, halina hata ufa. Kijana mmoja mwenye koleo na toroli angeusafisha mtaro ule kutoka kona hadi kona kwa siku mbili. Maji ya masika yalipokuja yalipita juu ya lami, kwa kuwa chini hapakuwa na njia, na maji yakipita juu ya lami huanza kuila pembeni, kisha huingia chini, kisha shimo. Barabara ya mamilioni inaharibiwa kwa kukosa posho ya kijana na koleo. Tulichanga elfu mbili kila nyumba tukamtafuta sisi, na walioshindwa kuchanga walikuwa wapangaji, ambao wameshailipa kodi ya jengo kwenye LUKU.

Fedha za kujenga zinaendelea kuja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi mwingine, TACTIC, dola milioni 278 kwa miji 45 ya Tanzania, chini ya TARURA. Naupokea kwa mikono miwili. Lakini kila kilomita mpya inayokabidhiwa ni kilomita mpya ya kutunza, na anayekabidhiwa hajaongezewa kitu cha kutunzia. Ningependa viwango vya kodi ya majengo virudi kufuata thamani, hata kama makadirio ni ya madaraja matatu tu: barabara ya lami, ya changarawe na ya vumbi. Picha za mapaa zipo. Mwenye ghala alipe kama mwenye ghala. Mimi mwenye vyumba vya elfu 45 niko tayari kulipa zaidi ya 18,000, kwa sharti kwamba sehemu inayojulikana, iliyoandikwa, ibaki Tanga na itumike kwenye mitaro na taa za mtaa uliolipa.

Mkutano mkuu wa mtaa unapaswa kuitwa mara kwa mara, na mapato na matumizi husomwa pale. Wengi hatuendi. Safari hii nitakwenda na ujumbe wa LUKU wa mpangaji wangu nimeuandika kwenye karatasi kubwa, ile 1,500 nimeizungushia wino, na nitamwomba mtendaji na diwani waseme mbele ya watu ni shilingi ngapi kati ya hizo zimerudi kwenye barabara yetu mwaka jana. Nimeshamwambia mpangaji tuende wote. Amesema ataomba ruhusa kazini.